Barafu Aliyosingiziwa Irja Vanhatupa

Irja Vanhatupa aliingia katika kazi ya kioo kwa sababu moja tu: alikuwa anasikia baridi. Alizaliwa Finland, kaskazini ya mji wa Oulu, kitinda mimba wa nyumba ambayo maji ya kunawa yaliganda ndani ya beseni kila asubuhi ya Januari, na soksi zake zilikuwa zimekwisha kuvaliwa na dada zake wote. Alipokwenda Helsinki kusoma chuo cha sanaa, vita vilikuwa vimetoka kwisha na kuni zilikuwa za mgawo. Wanafunzi walichora wamevaa makoti na glavu zilizokatwa vidole. Siku moja darasa lao likapelekwa kutembelea kiwanda cha vioo. Wenzake walitoka mle wakizungumza habari za mwanga, uwazi na umbo. Irja alitoka akiwa amefungua vifungo vyote vya koti, uso umemwiva kama nyanya, akijiambia: humu ndimo nitakamozeekea.

Bahati yake ikawa huko Kuuslampi. Kilikuwa kiwanda kidogo katikati ya msitu, kikitengeneza chupa za maziwa, mitungi ya jamu na vioo vya taa, na kilikuwa kimetengeneza vitu hivyo tangu enzi za babu wa babu bila mtu yeyote kukasirika. Mkurugenzi wake, Torsten Wickholm, alikuwa mtu mwenye shingo ndefu na wasiwasi mrefu kuliko shingo. Alikuwa amesoma gazetini kwamba viwanda vingine vya Finland vinarudi kutoka maonyesho ya sanaa ya Italia na medali, na tangu siku hiyo alijiona kama mtu ambaye majirani zake wote wamealikwa harusini na yeye kasahauliwa. Akatafuta mchoraji. Irja alipofika, mkurugenzi mwenyewe alimpokea stesheni.

"Tunataka sanaa, Bi Mchoraji," alimwambia, akimbebea sanduku.

"Sanaa ya namna gani, Bwana Mkurugenzi?"

"Ile ya medali."

Alipewa chumba juu ya ukumbi wa tanuru, ambako makarani walikuwa wamekataa kukaa kwa sababu ya joto. Walimwonea huruma. Irja aliisogeza meza yake hadi mahali bomba la moshi lilipopita ukutani, akavua sweta la kwanza, akavua na la pili, akakaa mikono wazi mwezi wa Februari, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Mwaka wake wa kwanza haukuzaa kitu. Alichora kama walivyochora wengine: vyombo vyembamba, virefu, vyenye mashingo kama ya mkurugenzi. Fundi mkuu wa wapulizaji, Eino Piipponen, mtu ambaye mashavu yake yalikuwa yamelegea kama mifuko kwa kupuliza kioo tangu ujana, aliugeuza mchoro wa kwanza juu chini, akaugeuza tena.

"Hii ya kunywea nani, Bi Mchoraji? Korongo?"

"Si ya kunywea, Fundi. Ni ya kutazama."

"Aa. Basi tuitazame upesi, maana haitakaa."

Waliipuliza, wakaitazama, na kabla ya chakula cha mchana ikapasuka kwa kisauti kidogo cha adabu. Irja ndiye aliyecheka kwanza. Wapulizaji, waliokuwa wamejiandaa kwa machozi ya msichana wa Helsinki, wakapigwa na butwaa, kisha wakacheka naye. Tangu siku hiyo walimwachia nafasi kwenye benchi lao wakati wa kahawa.

Kila Jumamosi wanawake wa kiwanda walikwenda sauna, nyumba ya kuogea mvuke wa moto kando ya ziwa, kabla ya zamu ya wanaume. Mle ndani mlikuwa na utawala wake. Benchi la juu kabisa, kwenye moto wenyewe, lilikuwa la Lempi Piipponen, mke wa fundi Eino na mpishi wa kantini, mwanamke mpana ambaye supu yake ya njegere ya siku ya Alhamisi ilikuwa imetuliza migomo miwili. Wanawake wa ofisini walikaa benchi la chini wakinyamaza. Lempi alipomwaga maji juu ya mawe ya moto, wao walijiinamia kama watu wanaonyeshewa na mvua ya mawe.

Irja alipanda juu.

"Shuka, Bi Mchoraji, utaiva," Lempi alimwambia.

"Acha niive, Bi Lempi. Nimengoja maisha yangu yote."

Lempi akamtazama upya. Halafu akasogea kidogo, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona, akainama mbele, viwiko juu ya magoti, na Irja aliyekuwa nyuma yake akauona mgongo. Ulianza mwembamba shingoni, ukashuka ukipanuka taratibu, ukajikunja kidogo kiunoni kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukaendelea kupanuka kana kwamba duniani hapakuwa na sababu yoyote ya kutopanuka. Maji yalikuwa yakitiririka juu yake na mwanga wa kidirisha ukipita ndani ya mvuke. Mwaka mzima Irja alikuwa amefunua majarida ya Italia bila kuona mstari hata mmoja unaojua unakokwenda kama ule.

Alikimbia nyumbani na nywele mbichi, zikaganda njiani zikawa zinagongana kama vijiti, na wala hakuzisikia. Akachora.

Fundi Eino alikipuliza chombo kile ndani ya kalibu ya mti iliyoloweshwa maji. Kalibu ilipofunguliwa, akakiinua kwenye ncha ya bomba lake, bado chekundu, akakizungusha polepole. Akakizungusha tena.

"Bi Mchoraji."

"Naam, Fundi."

"Huyu mimi namjua."

Mtu mmoja wa tanuru la pili akapiga mluzi. Baada ya hapo watu walicheka hadi mitungi kadhaa ya jamu ikaharibika, na mpulizaji mmoja akalazimika kutolewa nje apate hewa.

"Usije ukamwambia," Irja alimsihi.

"Mimi? Nina kichaa? Nyumbani nakula kwake, na kantini nakula kwake. Nikimuudhi nitakula wapi?"

Kwa hiyo chombo kikapata jina la Lempi, lakini la ukumbini tu, kwa sauti ya chini. Mkurugenzi Wickholm alikipenda, ila akataka sehemu ya chini ipunguzwe kidogo ili kiingie katika masanduku ya mitungi ya jamu yaliyokuwa yamejaa ghalani. Irja akapunguza. Moyo ulimuuma, lakini akapunguza.

Ndipo akafika msomi wa sanaa kutoka Helsinki, Magista Ossian Hedenberg. Huyu ndiye aliyekuwa akichagua vitu vya kwenda Italia, na pia ndiye aliyeviandikia maelezo. Alivaa skafu ndani ya nyumba. Alikizunguka chombo mikono nyuma, akafumba macho, na baada ya muda akanong'ona:

"Barafu."

"Samahani?" Irja akauliza.

"Barafu ya ziwa, wakati wa kuyeyuka. Upweke. Ukimya wa watu wetu."

"Hapana, Magista. Ni mgongo wa Bi Lempi wa kantini."

Mkurugenzi akakohoa. Hedenberg akafumbua macho, akatabasamu kama mtu aliyetarajia mzaha huo huo. "Wasanii wa kweli hawapendi kusema," alimwambia Mkurugenzi, na katika orodha ya maonyesho akaandika: *Kuvunjika kwa Barafu.*

Medali ikaja. Bendi ya kikosi cha zimamoto ikapiga stesheni, Mkurugenzi akalia waziwazi, na waandishi wa magazeti wakaja na wapiga picha. Irja aliwaomba wampige picha karibu na tanuru. Wakasema tanuru halifai. Wakampeleka katikati ya ziwa lililoganda, wakamvua kofia kwa kuwa ilificha uso wa msanii, wakamwambia atazame mbali.

"Mbali wapi?"

"Popote, dada. Mbali tu. Usicheke."

"Kwani kuna nini huko?"

"Ukimya," akasema mpiga picha, akipuliza vidole vyake.

Mwandishi alimuuliza barafu inamwambia nini. Irja, meno yakigongana, alishindwa kujibu. Gazeti likaandika kwamba ni mwanamke wa maneno machache, kama maumbile yaliyomzaa. Alilala kitandani na homa ya mapafu hadi Pasaka, na kadi za pole zilizofika kutoka kila pembe ya nchi zote zilikuwa na picha ya ziwa lililoganda.

Toka hapo akawa mtu wa barafu. Alichora bakuli kutokana na unga wa mkate wa iliki uliokuwa ukiumuka chini ya kitambaa jikoni kwa mama mwenye nyumba wake; Hedenberg akaliita *Theluji ya Kwanza.* Alichora chupa kutokana na kiwele cha ng'ombe wa jirani asubuhi kabla hajakamuliwa. Ikaenda ng'ambo kwa jina la *Kisiwa Pweke.* Mashavu ya fundi Eino yalipotokea katika umbo la taa, taa ile ikaitwa *Ukimya wa Pili.* Kila mara Irja alisema ukweli, na kila mara ukweli ulichukuliwa kuwa unyenyekevu. Profesa mmoja aliandika makala ndefu kueleza kwamba katika kazi zake zote hamna hata chembe ya mwili wa binadamu. Wapulizaji waliibandika makala hiyo ukutani chooni, mahali ambapo kila mtu angepata nafasi ya kuisoma kwa utulivu.

Siku Lempi alipojua, haikuwa kwa mumewe. Mwanamke wa idara ya kufungasha, Saimi, aligombana naye juu ya kipande cha nyama katika supu.

"Hata kama kiuno chako kimepata medali, Lempi, haimaanishi kila nyama ni yako!"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Kiuno changu kimepata nini?"

Kantini nzima ikakumbuka ghafla kwamba ina kazi ya kufanya. Lempi alivua aproni, akapanda ngazi hadi chumba cha juu, ngazi ikilalamika, akaingia bila kubisha hodi. Chombo kilikuwa juu ya rafu. Alikichukua kwa mikono miwili, akakigeuza, akakipeleka dirishani. Irja alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alikuwa amefikiria siku hii mara nyingi, na katika mawazo yake chombo kila mara kiliishia kichwani pake.

"Ni kweli?" Lempi akauliza.

"Ni kweli, Bi Lempi. Nisamehe. Ningekuomba ruhusa, niliogopa."

"Hapa ni shingo."

"Ndiyo."

"Hapa kiuno."

"Ndiyo."

Kidole cha Lempi kikashuka hadi chini, kikasimama. Sauti yake ikabadilika. "Na huku? Mbona kunaishia hapa?"

"Ni... Mkurugenzi alisema sanduku..."

"Mimi siishii hapa!" Lempi alifoka, na chini ukumbini watu wakaacha kupuliza. "Umenionea aibu? Watu wa huko Italia wamenitazama wote, na wamenitazama nikiwa nimekatwa! Wanadhani Kuuslampi hatuli!"

Irja alikaa kitini. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anagombezwa kwa kosa ambalo hata yeye alilijutia. "Umesema kweli," akajibu. "Nilikupunguza, na haikunipendeza."

"Basi nirudishe nilivyo."

Akamrudisha. Kazi hiyo ilikula kiangazi chote. Chombo kilikuwa kikubwa hata kalibu ikabidi ichongwe na seremala wa mitumbwi, na fundi Eino alisema wazi kwamba pumzi ya mtu mmoja haitatosha. Kimoja kilianguka kutoka kwenye bomba, kingine kikapinda upande, kingine kikapasuka kikiwa kinapozwa. Mkurugenzi alikuja akiminya mikono, akiuliza nani atanunua kitu kisichoingia mlangoni. Eino alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, akampa mwenziwe bomba, akalichukua tena. Siku kilipotoka kizima, Lempi aliitwa kutoka jikoni. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono kiunoni, akikagua kama anayekagua samaki sokoni.

"Sasa ndiyo," akasema, na kumgeukia mumewe aliyekuwa ameketi sakafuni amelowa jasho. "Na wewe, kumbe ulikuwa unajua siku zote?"

"Nilikujua toka kwenye kalibu, mke wangu."

Lempi akaona haya kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya kiwanda, akarudi jikoni, na siku hiyo kahawa ikaja na mkate wa iliki kwa watu wote, hata Saimi.

Hedenberg alipokiona alisema ni *Ukimya Mkuu,* kwamba hapa taifa limefikia kimo chake, na kwamba lazima kionyeshwe kwa wageni wa serikali waliokuwa wakizungushwa katika viwanda mwishoni mwa kiangazi hicho. Wageni wakaja: mabalozi, wake zao, mkalimani mmoja kijana mwenye kola iliyombana. Hedenberg akatoa hotuba. Alitaja barafu mara nyingi hata baadhi ya wageni wakafunga vifungo. Wakati akiendelea, mke wa balozi wa nchi moja ya Amerika ya Kusini, bibi mzee aliyevaa pete kila kidole, alitoka katika mstari, akaenda moja kwa moja kwenye chombo, akaweka kiganja chake pale kiunoni. Kiganja kikashuka. Halafu akacheka kicheko cha tumboni, akasema jambo kwa lugha yao.

Mkalimani akawa mwekundu.

"Anasemaje?" Mkurugenzi akauliza.

"Anasema... anauliza, Bwana Mkurugenzi, kama huyu mama bado yu hai."

"Mfasirie kwamba ni ukimya," Hedenberg akaamuru.

"Nimemwambia, Magista. Anasema yeye ana makalio kama hayo na hayajawahi kunyamaza."

Irja akasogea mbele. Miaka yote ile, na mgeni wa kwanza kukisoma chombo ametoka upande wa pili wa dunia. "Mwambie yu hai," alisema kwa sauti. "Ndiye aliyewapikia chakula cha mchana."

Bibi mzee akataka kumwona, wala hakusikia la mtu. Lempi akatolewa jikoni, mikono ikinuka bizari. Wanawake wawili wakatazamana, wakatazamana pia umbo kwa umbo, kama watu wanaolinganisha hati za kusafiria. Bibi mzee akamkumbatia. Lempi, ambaye hakuwahi kukumbatiwa na mtu wa tabaka lolote mbele ya watu, alisimama wima kama mlingoti, kisha taratibu akaweka mikono yake mgongoni kwa mgeni, akapigapiga.

"Mwambie," akamwambia mkalimani, "kile cha kwanza walichokiona Italia kilikuwa kimepunguzwa."

Kesho yake magazeti yote yaliandika kwamba mgeni mheshimiwa aliguswa sana na ukimya wa barafu ya Finland. Irja alisoma, akacheka hadi akajifuta macho, na baada ya hapo hakumrekebisha tena mtu yeyote. Aliona hakuna haja. Aliyekuwa na kiganja angejua.

Miaka ikaenda. Hedenberg akafa akiwa katikati ya hotuba. Wakaja vijana wenye ndevu kutoka chuo kikuu wakamwambia Irja kwamba barafu yake ni njia ya matajiri kukwepa mapambano ya kitabaka. Aliwakaribisha kahawa, akawauliza kama wamekula. Mkurugenzi Wickholm akastaafu na medali zake katika kabati lenye taa. Kampuni kubwa ikakinunua kiwanda, ikatuma watu wenye mikoba, watu wale wakasifu urithi wa Kuuslampi kwa maneno matamu sana, na majira ya kupukutika majani tanuru likazimwa. Wapulizaji walisimama ukumbini kofia mkononi, wakisikiliza matofali yakilia yanavyopoa. Fundi Eino hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Irja na Lempi walimzika pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na Lempi alilia kwa kishindo, bila kujali pasta anasema nini.

Irja hakuwa bado na umri wa kupumzika. Alipata kazi katika kiwanda cha plastiki mjini Kouvola. Marafiki wa Helsinki walimwona ameanguka, wakaacha kumwandikia. Alipewa kuchora ndoo. Alichora ndoo nyekundu, ya kuchumia matunda ya msituni, yenye tumbo kidogo na mdomo wa kumimina, na hakuna mtu aliyemuuliza imetokana na nini, wala iliitwa jina lolote isipokuwa ndoo. Ilienea nchi nzima. Ilikuwa katika kila banda na kila kibanda cha kiangazi; watu waliogeshea humo watoto, wakatilia humo viazi, samaki na jivu, wakaigeuza juu chini wakaikalia. Jina la Irja halikuandikwa popote.

Akiwa amekwisha kustaafu, alipita sokoni Kouvola asubuhi moja ya Agosti, akamkuta mzee anauza matunda meusi ya msituni kutoka katika ndoo ile, imechubuka, imepauka kwa jua. Irja akasimama.

"Kilo ngapi, mama?" mzee akauliza.

"Nauliza kwanza. Ndoo hii ni nzuri?"

Mzee akaitazama ndoo kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Ni ndoo, mama."

"Najua. Lakini inabebeka?"

"Inabebeka. Ila ikijaa mpini unakata vidole. Hapa, unaona?" Akamwonyesha alama kwenye kiganja. "Aliyeichora hakuwahi kwenda msituni."

"Hakuwahi," Irja akakubali. "Hapendi mbu."

Akakishika kile kiganja cha mzee, akakigeuza kwenye mwanga, akapima kwa kidole upana wa alama. Mzee akamwachia mkono wake, akiwatazama wenzake wa meza za jirani kama anayeuliza afanyeje. Kisha Irja akanunua matunda, akapanda basi, akafika kwake, akasukuma vikombe pembeni, akaanza kuuchora mpini upya.